Faili la Akina Luseno

Kila nyumba ya mtaa wa Ziwani, Nairobi, ilikuwa na kitu chake cha kuonyeshea wageni. Kwa Wangeci, jirani wa ukuta kwa ukuta, ilikuwa televisheni ya rangi, na rangi yenyewe ilikuwa moja tu, kijani. Kwa Laban Lusseno ilikuwa faili.

Asenath, mkewe Laban, alikuwa ameishi na faili hilo miaka kumi na minane, na laiti angepewa nafasi ya kuchagua kati yake na mke mwenza, angemchukua mke mwenza, maana huyo angalau angesaidia kuchota maji. Faili lilikaa juu ya kabati, limefungwa kwa utepe mwekundu, na ole wake mtoto wa kuligusa. Ndani hamkuwa na hati ya shamba wala picha ya maana. Mlikuwa na jina tu, Luseno, jinsi lilivyoandikwa na kila mtu aliyewahi kushika kalamu kutoka Kakamega hadi Nairobi. Kadi ya ubatizo ya Laban ilisema Luzeno, kwa kuwa mchungaji alipenda Z. Cheti cha shule kilisema Ruseno, kwa kuwa mwalimu mkuu aliona L ni ya kujidai. Kitambulisho kilisema Lusenu, kwa kuwa karani alikuwa na njaa siku hiyo na hakutaka kubishana. Ndugu yake wa Lugari alijiandika Luseeno, E mbili, na ndugu hao hawakuwa wamesalimiana tangu mazishi ya baba yao, walipovutana mbele ya jeneza juu ya jina la kuandikwa msalabani mpaka seremala akachoka, akaandika BABA, akaenda zake.

Laban mwenyewe alishika S mbili. Alikuwa ameziona kwenye karatasi za reli za marehemu baba yake, zimepigwa taipu na Mzungu, na Mzungu, kwa maoni ya Laban, hawezi kutupa S bure.

"Mama Mitchelle," angemwambia mkewe, akilamba kidole kufunua karatasi, "mtu asijue jina lake linavyoandikwa, kwani aliokotwa?"

"Na chumvi imeisha, Baba Mitchelle," Asenath angejibu. "Hiyo nayo ina S ngapi?"

Faili lenyewe lilikuwa na pengo, na pengo hilo ndilo lililomnyima Laban usingizi. Baba yake, Luseno wa reli, hakuwahi kumpeleka mtoto wake hata mmoja kwao alikozaliwa. Alinunua shamba Lugari baada ya uhuru, akajenga, akafia huko, na kila alipoulizwa kwao ni wapi alijibu, "Kwetu waliisha," akaomba aongezwe chai. Karatasi za reli zilikuwa na mstari mmoja tu: Luseno mwana wa Shitanda, wa Kabras. Mtu mwingine angepanda basi akaenda Kabras kuuliza. Laban, kwa vile alikuwa karani, aliandika barua kwa chifu. Chifu hakujibu. Laban akaandika ya pili kumkumbusha chifu ile ya kwanza. Mambo yakakaa hapo miaka minane.

Mtu ambaye angeweza kujibu alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni mle mle. Mama Khavere, mama mzazi wa Laban, alikuwa amekuja Nairobi kutibiwa macho, na kila faili lilipofunguliwa alijikongoja kwenda nje kuota jua, hata mvua ikinyesha. Asenath alidhani ni kuchoshwa tu. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka, kwa hiyo hakushangaa.

Basi mwaka wa tisini na saba, Jumapili moja ya mwezi wa Mei, Mitchelle akamleta Mulama nyumbani.

Mitchelle alikuwa na miaka ishirini na minne, mpiga taipu katika ofisi ya wakili mmoja mjini, msichana asiyependa mchezo. Mulama alishona viatu Kariokor. Kamba ya kiatu chake ilikatika pale sokoni, Mulama akaishona, ikakatika tena wiki iliyofuata, na Asenath, ambaye naye aliwahi kuwa msichana, hakuuliza ilikatikaje mara ya pili. Jina la pili la kijana, hao wawili walikuwa wamelijua kitambo na kulicheka. Akina Luseno wamejaa Uluhyani kote, na kufanana jina si kufanana ukoo. Mitchelle alichoogopa ni kwamba baba yake akilisikia tu, atamfungulia mgeni faili kabla hajaonja chai.

Mulama aliingia na kilo mbili za nyama ya soko la Burma ndani ya gazeti, akainama mpaka shati likachomoka.

"Mulembe, baba. Mulembe, mama."

"Mulembe," akaitikia Laban, macho kwenye viatu vya mgeni. "Unafanya kazi gani, kijana?"

"Nashona viatu, baba. Vya ngozi. Na akala pia."

"Akala," Laban akarudia, akamtazama mkewe. Yaani S mbili zote zile, binti anamletea mtu wa kukata matairi. "Haya. Na unaitwa nani kwa baba?"

Mulama akamtazama Mitchelle. Mitchelle akatazama dari.

"Luzeno," akasema Mulama.

Laban akasimama. Asenath hakuhitaji kuambiwa anakwenda wapi. Utepe ukafunguliwa, miwani ikapanda puani, kalamu ikatoka mfukoni.

"Kwa Z?"

"Kwa Z, baba."

"Makosa. Lakini endelea. Mnatoka wapi?"

"Kabras."

Kalamu ikatulia. "Luseno wa nani?"

"Babu alikuwa Luseno wa Shitanda. Alikuja huku kufanya kazi ya reli wakati wa vita vya pili vya Mjerumani. Hakurudi. Kukhu, yaani bibi yangu, anasema alipata mwanamke mwingine Nairobi, akamsahau yeye na mtoto. Huyo mtoto ndiye marehemu baba yangu."

Hapo Laban akafanya jambo ambalo Asenath hakuwahi kumwona akilifanya, hata siku ya harusi yao. Akalia. Akavuka meza, akamkumbatia mshona akala, akamgongagonga mgongoni akiita, "Mwanangu! Mwanangu!" Mitchelle akacheka kwa furaha, maskini, akidhani mambo yameiva.

"Mnaona?" Laban akasema, akijifuta kamasi. "Baba yangu alikuwa na mke nyumbani kabla ya mama. Baba yako na mimi ni ndugu, baba mmoja! Mulama, wewe ni mtoto wangu. Mitchelle, msalimie kaka yako."

Huko kwa Wangeci televisheni ilikuwa ikihubiri. Mama Khavere alikuwa ameshafika mlangoni, anatafuta fimbo yake.

"Buda anasema nini?" Mitchelle akamwuliza mama yake taratibu, macho kwa baba yake. "Mathe, anasema nini?"

Kila mtu alikuwa amesikia. Watu wa ukoo mmoja hawaoani, sembuse wa babu mmoja. Hilo halina rufaa wala mchungaji wa kulipunguza. Mulama akasimama kutoka kochini, akasogea hatua mbili mbali na Mitchelle, na hatua hizo mbili zilimkata Asenath maini.

Wiki zilizofuata Laban alikuwa na afya njema. Alinunua utepe mpya. Alichora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa, akaubandika ukutani, na pale kwenye tawi la Mulama na tawi la Mitchelle akapiga mstari wa wino mwekundu kuonyesha undugu wao, ili binti yake auone kila asubuhi akinywa chai. Chai yenyewe ndiyo ilikuwa chakula chake cha pekee. Alikonda mpaka sketi ya kazini ikabidi ipigwe pini.

"Wewe baba gani?" Asenath akamwuliza mumewe siku moja, ameshindwa kujizuia. "Mtoto anakufa, wewe unachora miti!"

"Nimepata kwetu, Mama Mitchelle. Unajua maana yake? Miaka yote hii watu wananiuliza kwenu wapi, nasema Lugari, wanacheka. Lugari ni kwa mtu?"

Na kwa nusu dakika Asenath akamwonea huruma, maana sauti yake ilitetemeka kweli. Kisha Laban akaongeza kwamba atawaita wazee wa Kabras kuunganisha ukoo rasmi, na kwamba kwenye kikao hicho pia patatolewa uamuzi kuhusu tahajia. Huruma ikaisha.

Jioni hiyo, jua likiwa bado lipo, alimfuata mama mkwe wake uani na sufuria ya mboga ya mrenda. Wakakaa wakichambua. Mama Khavere alichambua kwa kupapasa tu, na bado alikuwa mwepesi kumshinda.

"Mama," Asenath akaanza, "wewe uliambiwa kuwa mzee ana mke nyumbani?"

"Niliambiwa."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

"Na ukanyamaza?"

Mama Khavere akatupa kijiti cha mrenda pembeni. "Mitchelle anakula?"

"Chai, mama. Chai tupu. Anasema Mulama akioa mwingine, yeye atakwenda kuosha vyombo kwenye harusi. Anacheka akisema hivyo. Naogopa kile kicheko."

Yule mama akasukuma sufuria kando.

"Waacheni wazee wa Kabras waje," akasema. "Mwambie mume wako yule mwanamke wa Kabras naye aje. Asije mzee peke yake. Yeye hasa."

Wakaja Jumapili ya pili ya Juni, mchana. Viti viliazimwa kwa Wangeci, ambaye aliviazimisha kwa moyo mmoja na kisha akafungua dirisha lake ili lisimpite neno. Kutoka Kabras alikuja Mzee Masinde, ndugu mdogo wa yule Luseno aliyepotea, mtu wa koti zito na maneno machache. Na akaja Bibi Truphena, mke aliyeachwa. Asenath alikuwa amemngojea kikongwe wa kushikwa mkono. Aliyeingia ni mwanamke mkavu, wima, kitambaa cheupe kichwani, aliyeitazama ile nyumba ya vyumba viwili kuanzia sakafu mpaka dari kwa macho ya mtu aliyekuja kuona ni kitu gani hasa kilichomshinda. Mulama alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. Mitchelle alikuwa chumbani na pazia limeshushwa.

Laban alivaa suti. Akaomba, akashukuru, akaomba tena, akafungua faili.

"Wazee wangu, tukianza na mwaka elfu moja mia tisa arobaini na tatu, tunaona S mbili. Hamsini na moja, S moja, lakini hiyo nina sababu ya kuamini ni uvivu wa karani. Hamsini na sita..."

"Kijana," Bibi Truphena akamkatiza.

Laban alikuwa na miaka arobaini na tisa. Akashusha karatasi.

"Sikupanda basi kutoka Kabras kuja kusomewa barua. Nimekuja kumwona mwanamke. Yuko wapi?"

Asenath akampenda papo hapo.

"Ni mimi," Mama Khavere akasema kutoka kochini.

Bibi Truphena akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. Akaanza kusema, na ilikuwa wazi kuwa maneno hayo hakuyatunga ndani ya basi. Alisema alivyoachwa na mimba ya kwanza. Alisema alivyongoja mvua mbili, tatu, nne. Alisema jinsi baba mkwe alivyomtuma Masinde, kijana wa shule wakati huo, mwaka wa hamsini, aje Nairobi kumtafuta kaka yake, na Masinde akarudi na jibu kwamba Luseno yuko, ana kazi nzuri, ana mke na watoto, hataki kuulizwa. Alisema wazee walikaa wamrithishe kwa shemeji kama mjane, wakashindwa, kwa kuwa mjane wa nani, na mume yuko hai anakula mkate Nairobi? "Nikakaa hivyo. Si mke, si mjane. Wanawake wenzangu wakizika waume zao nilikuwa nawaonea wivu. Unasikia? Wivu wa msiba! Sasa niambie, mwenzangu. Ulikuwa na nini wewe?"

"Mama, kwa heshima," Laban akajaribu, "tumekuja kuungana..."

"Nyamaza, Laban," akasema Mama Khavere.

Akageuza uso kuelekea sauti ya Bibi Truphena, na Asenath akaona mikono yake imeshikana kwa nguvu.

"Mume wako sikumchukua," akasema. "Sikuwahi hata kumwona. Mume wako alikufa. Mwaka wa arobaini na nne, kwa homa ya mapafu, katika chumba cha vibarua wa reli. Siku ya tatu tu ya ugonjwa."

Mzee Masinde akainua kichwa.

"Alikuwa na rafiki, anaitwa Batulo," Mama Khavere akaendelea. "Batulo alikuwa ametoroka shamba la Mzungu huko Kitale. Kipande chake hakikutiwa sahihi. Nyinyi watoto hamkuvaa kipande, hamjui. Ilikuwa karatasi yako ya kazi, ndani ya kikasha cha bati, shingoni, mtu mzima na kikasha shingoni. Ukitoroka kazi bila sahihi, hakuna wa kukuandika tena, na ukishikwa ni jela. Batulo alikuwa akijificha chumbani kwa mume wako. Mume wako alipokufa, kabla msimamizi hajaja, Batulo akamvua kipande, akakivaa. Chake akamvika maiti. Akahamia reli ya upande mwingine. Wazungu hawakututazama usoni, walitazama kipande. Aliyezikwa akazikwa kama Batulo. Na kule kwao Batulo wakaletewa habari, wakalia, wakazika mgomba kwa kuwa maiti hawakuipata. Ndiyo sababu hakurudi kwao maisha yake yote. Angerudi vipi, na ameshazikwa? Mimi aliniambia mwaka tuliooana. Huyo Batulo ndiye mume wangu."

Wangeci alikuwa ameizima televisheni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata umeme ulipokuwa ghali.

"Homa," akasema Laban. "Mama ana homa. Hizi dawa za macho zinapanda kichwani." Akainuka, akaangua picha ya baba yake ukutani, ile ya kofia ya reli, akampelekea Bibi Truphena kwa mikono miwili. "Tazama mwenyewe, mama. Huyu hapa mume wako. Sema ni yeye, tumalize."

Bibi Truphena akaipeleka picha mlangoni penye mwanga. Akaitazama. Mzee Masinde naye akaja akatazama juu ya bega lake.

"Huyu simjui," akasema Bibi Truphena.

"Si kaka yangu," akasema Mzee Masinde.

Laban akakaa chini, faili mapajani, wazi. Na Asenath, Mungu amsamehe, jambo la kwanza lililomjia lilikuwa kicheko. Miaka kumi na minane! Ndugu wa tumbo moja wamenuniana, jeneza limegombewa, chifu wa watu amesumbuliwa kwa barua, yote kwa ajili ya S ya mtu mwingine. Alikimeza kicheko hicho, kwa sababu mumewe alikuwa amemgeukia na uso wa mtoto aliyepotea sokoni.

"Sasa mimi ni nani, Mama Mitchelle?"

"Utakuwa yeyote baadaye," Asenath akamwambia, akamshika bega. "Kaa kwanza."

Pazia la chumbani likasogea. Mitchelle alikuwa amesimama pale, viganja mdomoni, anamtazama Mulama, na Mulama anamtazama yeye. Si ndugu. Hawajawahi kuwa ndugu hata siku moja. Asenath akaona damu ikirudi usoni mwa mwanawe.

Furaha hiyo haikudumu. Mzee Masinde alikuwa akifunga vifungo vya koti.

"Mulama, chukua mfuko wa bibi yako. Tunaondoka." Akamgeukia Mama Khavere. "Nilikuja kwako. Nilitembea kutoka stesheni nikiuliza nyumba hadi nyumba. Ni wewe uliyefungua mlango."

"Ni mimi. Ulikuwa na kaptula ya shule. Uliniomba maji."

"Ukaninyima."

"Nilikunyima. Niliogopa ukiingia ndani utamwona. Nikakwambia hataki kuulizwa, nikafunga. Tulikuwa na watoto wawili na ugali wetu ulikuwa ndani ya kile kipande. Sina la kujitetea."

"Basi," akasema Mzee Masinde. "Ukoo si mmoja, sawa. Lakini mimi siwezi kuoa kwenye nyumba iliyomla ndugu yangu mpaka jina. Mulama, mfuko."

Mulama hakusogea. Bibi Truphena pia hakusogea. Alikuwa amesimama pale pale mlangoni, picha ya mtu asiyemjua mkononi.

"Ilikuwa mwezi gani?" akauliza.

"Alisema ni wakati wa mvua kubwa," Mama Khavere akajibu.

"Mtoto alikuwa hajaota jino." Akahesabu kwa midomo tu. "Alikuwa ameniandikia atakuja mavuno." Akairudisha picha kwa Asenath, taratibu, kwa adabu. "Mimi nilimtukana, mnajua? Kila asubuhi nikiwasha moto, namtukana. Mtoto alipoanza kuongea nikamfundisha, naye akamtukana. Amekufa akimtukana. Na mtu alikuwa ardhini. Alikuwa ardhini siku zote hizo, hajanikosea kitu!"

Kisha akalia. Asenath alikuwa amesikia vilio vingi, maana Ziwani haikosi msiba, lakini hiki kilitoka chini mno, kikampinda yule mwanamke wima mpaka akakaa sakafuni miguu imenyooshwa, kama wanavyokaa wajane. "Luseno!" akaita. "Baba wa mtoto wangu! Luseno!" Milango ikafunguka mstari mzima wa nyumba. Wanawake wakaja na leso viunoni, kama desturi, bila kujua wanamlilia nani. Wangeci akawa wa kwanza.

"Nani amekufa?" akamnong'oneza Asenath.

"Luseno."

"Baba yake Laban? Si alikufa mwaka wa themanini na tisa?"

"Yule hakuwa yeye. Ingia ulie, Wangeci, utaelezwa."

Wangeci akaingia akalia. Laban alikuwa ametoka nje kupanga viti vya wanaume ukutani, kimoja kimoja, na hakuna aliyekuwa amemtuma. Mzee Masinde alisimama na koti lake lililofungwa, hajui aende au abaki, hatimaye akakaa kwenye kiti kimojawapo. Laban akakaa cha kando yake.

Ndani, Mama Khavere alikuwa ameteremka kochini, ametambaa kwa kupapasa sakafu mpaka mkono wake ukagusa mguu wa Bibi Truphena. Akaacha mkono pale. Bibi Truphena akautazama, hakuuondoa.

"Nitakaa msiba wangu hapa," akasema, sauti imekwaruza. "Siku ya tatu mjane hunyolewa. Mimi nimechelewa, lakini nitanyolewa. Utaninyoa wewe."

"Macho yangu hayaoni, mwenzangu."

"Utapapasa."

Mama Khavere akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti, na Asenath, aliyekuwa amemwosha na kumlisha tangu Januari, akajikuta amemkasirikia na kumhurumia kwa pamoja, asijue aanze na lipi.

Mitchelle alikuwa amekuja na karai la maji ya kumnawisha mgeni miguu. Akapiga magoti, na mara akaanza kulia naye, kwa kwikwi, maji yakimwagika kwenye sketi yake ya pini. Bibi Truphena akakatiza kilio chake. Akamwinua kidevu, akamchunguza.

"Wewe ndiye msichana?"

"Ndiyo, kukhu."

"Unalilia nini?"

Mitchelle akatazama mlangoni.

"Wako si yule pale mlangoni?" Bibi Truphena akamwuliza. "Si anapumua yule? Nenda ukakae naye."

Mitchelle akaweka karai chini, akaenda.